Ufundishaji, Upimaji na Kujiamini kwa Wanafunzi wa Sekondari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa walimu wa masomo, walimu wa taaluma na wazazi wanaotaka kujua kwa nini mwanafunzi yuleyule anachangamka kwenye somo moja na kufa moyo kwenye jingine. Kila jibu linajitosheleza. Jambo likiwa limeelezwa kwingine, utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Upimaji endelevu na upimaji wa mwisho vinatofautiana wapi?

Tofauti iko kwenye matumizi ya matokeo. Michael Scriven alitenganisha mawazo haya mawili mwaka 1967 alipokuwa akizungumzia tathmini ya mitaala, na baadaye Benjamin Bloom akayaleta darasani. Matokeo yakitumika kubadilisha somo linalofuata, upimaji huo unajenga. Yakitumika kutoa cheti au kuamua nani apande kidato, unahitimisha.

Hapa ndipo shule nyingi zinapojidanganya. Jaribio la kila Ijumaa ambalo alama zake huingia kwenye rejesta, kisha Jumatatu mada mpya ikaanza kama ilivyopangwa, ni mtihani wa mwisho uliokatwa vipande. Linaitwa endelevu kwa sababu tu halikomi. Ukitaka kujua lako ni la aina gani, jiulize: kuna kitu chochote ulichofundisha tofauti wiki hii kwa sababu ya matokeo ya wiki iliyopita?

2. Kujiamini ndiko kunakoleta ufaulu, au ufaulu ndio unaoleta kujiamini?

Vyote viwili, lakini mlango rahisi wa kuingilia ni ufaulu. Albert Bandura, katika maandishi yake ya mwaka 1977, alitaja vyanzo vinne vya imani ya mtu kwamba jambo fulani analiweza: kuwa amewahi kulifanya akafanikiwa, kumwona mtu anayelingana naye akilifanya, kuambiwa na mtu anayemwamini kwamba ataliweza, na namna anavyoisoma hali ya mwili wake, kama vile moyo kwenda mbio. Chanzo chenye nguvu kuliko vyote ni hicho cha kwanza.

Imani hiyo pia hufuata kazi mahususi. Mwanafunzi anaweza kujiamini kwenye aljebra na akaogopa jiometri ndani ya somo lilelile. Kwa hiyo kusema "huyu mtoto hajiamini" hakumsaidii mwalimu kupanga chochote. Sema ni kazi ipi inayomtisha, na inamtisha kuanzia hatua gani.

3. Kumsifia mwanafunzi si kunamjengea kujiamini?

Inategemea unasifia nini. "Una akili sana" humfanya akwepe swali gumu linaloweza kumvua sifa hiyo. "Safari hii umeandika vizio kila hatua, ndiyo maana kosa la mwisho umeliona mwenyewe" humpa kitu cha kurudia kesho.

Sifa kwa kazi nyepesi ina madhara yake. Wanafunzi wa sekondari ni wepesi wa kuisoma: mwalimu akishangilia jibu ambalo kila mtu analijua, anayeshangiliwa anaelewa kwamba hakutarajiwa kuliweza hata hilo.

## Darasani

4. Mwalimu aeleze, au awaache wanafunzi wagundue wenyewe?

Kwa mada mpya kabisa, aeleze na aonyeshe mifano iliyokokotolewa hadi mwisho. John Sweller na Graham Cooper walionyesha mwaka 1985, kwa kutumia aljebra, kwamba wanaoanza hujifunza vizuri zaidi kwa kuichunguza mifano iliyokamilika kuliko kwa kuachiwa maswali mengi wayatatue. Sababu ni kwamba akili ina nafasi finyu ya kushikilia mambo mapya kwa wakati mmoja. Anayehangaika kutafuta njia hubaki bila nafasi ya kuona kwa nini njia hiyo inafanya kazi.

Utaratibu unaofaa ni huu. Mfano wa kwanza uwe kamili, na kila hatua iambatane na sababu yake. Wa pili ukose hatua ya mwisho, waijaze wao. Wa tatu ukose hatua mbili. Wa nne uwe swali tupu. Kosa la kawaida ni kuruka kutoka mfano mmoja ubaoni hadi maswali kumi ya nyumbani. Wanaoweza wanafanya, wasioweza wananakili, na kesho yake madaftari yote yanafanana.

Kwa mwanafunzi aliyekwisha kuimudu mada, mambo yanageuka. Mifano iliyokamilika inamchosha na kumchelewesha, na huyo ndiye wa kupewa tatizo lisilo na njia iliyo wazi.

5. Nikiuliza swali darasa zima linanyamaza, kisha wanajibu walewale watatu. Nifanyeje?

Anza na saa. Katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu wa sayansi husubiri baada ya kuuliza, akakuta ni kama sekunde moja hivi. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi wengi zaidi walijitokeza, na idadi ya walioshindwa kujibu ilipungua. Sekunde tatu za ukimya mbele ya darasa ni ndefu kuliko unavyodhani, kwa hiyo zihesabu kimoyomoyo.

Kisha badilisha mpangilio: uliza swali, subiri, kila mmoja aandike neno au mstari mmoja kwenye daftari, alinganishe na jirani kwa dakika moja, ndipo utaje jina. Jina likitangulia swali, wengine wote wanapumzika. Kumtaja mtu ambaye ameshaandika na kumsikia mwenzake hakumwaibishi kama kumshtukiza. Akikosea, usimkimbilie anayejua. Muulize amefikaje hapo, mpeleke kwa mwenzake mmoja, kisha rudi kwake alimalizie. Mwanafunzi anayeachwa kwenye kosa lake mbele ya wenzake hunyamaza muhula mzima.

6. Nitajuaje kama darasa zima limeelewa bila kuwapa jaribio?

"Mmeelewa?" haikupi habari yoyote. Jibu lake ni "ndiyo" siku zote.

Tumia swali moja la kuchagua katikati ya kipindi, ambalo kila jibu lisilo sahihi limetokana na kosa linalojulikana. Mfano: rahisisha 3 − 2(x − 4).

A: 11 − 2x
B: −2x − 5
C: x − 4
D: 7 − 2x

Jibu ni A. Aliyechagua B amezidisha vizuri lakini amesahau kwamba hasi mara hasi ni chanya. Wa C ametoa 3 − 2 kwanza, kwa hiyo shida yake ni utaratibu wa matendo. Wa D amezidisha x peke yake na kuiacha 4 bila kuizidisha. Hayo ni makosa matatu yanayohitaji maelezo matatu tofauti, nawe umeyaona kwa dakika mbili.

Wajibu wote kwa pamoja, kwa vidole (kimoja A, viwili B) vikiwa kifuani, ili wasiangaliane. Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeieneza mbinu inayofanana na hii katika fizikia, hushauri kwamba waliopatia wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, wanafunzi wajadiliane wawiliwawili kisha wajibu tena. Wakiwa chini ya hapo, eleza upya kwa njia nyingine. Wakiwa juu yake, songa mbele na uwashughulikie waliobaki pembeni.

Swali kama hili halitungwi papo hapo. Chukua makosa kutoka madaftari ya mwaka jana.

7. Leo wanaelewa, wiki mbili baadaye wamesahau kila kitu. Kwa nini?

Kwa sababu kuelewa na kukumbuka ni kazi mbili, na darasani mara nyingi tunaifanya ya kwanza tu. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha mwaka 2006 wanafunzi wa chuo waliosoma kifungu na kukirudia, na wengine waliosoma mara moja kisha wakajaribu kukiandika kutoka kichwani. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja hali iligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42.

Ubaya wake ni kwamba kurudia kusoma kunampa mtu hisia ya kujua. Maneno yanakuwa mazoefu machoni, naye anadhani yamekaa kichwani. Hapo ndipo kujiamini kwa uongo kunapozaliwa (tazama swali la 16).

Kwa vitendo: anza kila kipindi na maswali manne yasiyozidi dakika sita, madaftari yakiwa yamefungwa. Moja litoke kipindi kilichopita, moja wiki iliyopita, moja mwezi uliopita, na moja mada ya zamani inayohitajika leo. Majibu yatolewe palepale na kila mtu ajisahihishe. Alama zisikusanywe. Ukizikusanya, wanaanza kuibia, na zoezi linapoteza maana. Kwenye mazoezi ya nyumbani changanya aina za maswali, kwa sababu maswali ishirini ya aina moja yanamfundisha mkono kurudia hatua, wakati mtihani unamtaka kwanza atambue hili ni swali la aina gani.

8. Je, nifundishe kwa kufuata mtindo wa kujifunza wa kila mwanafunzi, wa kuona, wa kusikia na wa kutenda?

Hapana. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kulinganisha ufundishaji na mtindo wa mtu kunaongeza kujifunza. Acha mada yenyewe iamue: ramani huonwa, matamshi husikika, titresheni (jaribio la kemia) hufanywa kwa mikono, na hayo ni kwa wanafunzi wote. Hatari ya lebo hizi ni pale mwanafunzi anapoanza kusema "mimi si wa kusoma", na mwalimu akamkubalia.

## Kusahihisha na mrejesho

9. Niandike alama, maoni, au vyote viwili?

Kazi ikiwa ya kujifunzia, anza na maoni peke yake, alama zifuate baadaye au zisiwepo. Ruth Butler alilinganisha njia hizo tatu mwaka 1988, kwa watoto wadogo kidogo kuliko wa sekondari: waliopewa maoni tu waliboresha kazi yao na kuendelea kuipenda, ilhali waliopewa alama pamoja na maoni hawakutofautiana sana na waliopewa alama tu. Mwalimu yeyote aliyewahi kurudisha karatasi ameliona hili. Mwanafunzi anatazama namba, anachungulia ya jirani, anakunja karatasi.

Maoni yenyewe pia hayana baraka ya moja kwa moja. Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichambua tafiti nyingi mwaka 1996 na kukuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya mirejesho ilishusha utendaji. Madhara hutokea hasa pale mrejesho unapomfanya mtu ajifikirie yeye mwenyewe na kuisahau kazi iliyo mbele yake.

10. Maoni yanayosaidia yanaandikwaje?

Yataje mahali, kosa na hatua inayofuata, na yadai jambo linaloweza kufanyika ndani ya dakika kumi. "Jitahidi zaidi" na "Fafanua" hayasemi kitu, kwani angejua kufafanua angefafanua. Kwenye insha ya historia andika hivi: "Aya ya 2 inataja sababu tatu, lakini hakuna hata moja iliyounganishwa na vita vyenyewe. Chagua moja, andika sentensi mbili zinazoonyesha ilisababishaje."

Mambo mawili kwa kazi moja yanatosha. Karatasi iliyojaa wino mwekundu inasomwa kama hukumu.

Halafu watengee muda wa kuyafanyia kazi, dakika kumi hadi kumi na tano darasani siku unayorudisha madaftari. Usipofanya hivyo, saa zako za kusahihisha zimekwenda na maji.

11. Nina wanafunzi 60 darasani. Maoni hayo nitayaandika lini?

Hutayaandika kwa wote. Dakika tatu kwa kila daftari mara 60 ni saa tatu kwa kazi moja ya darasa moja.

Soma madaftari yote harakaharaka bila kuandika, sekunde thelathini kila moja, ukiwa na karatasi pembeni. Kila kosa jipya lipe herufi na ulieleze kwa mstari mmoja. Kwa kawaida baada ya madaftari ishirini hivi makosa mapya yanakuwa machache. Kwenye daftari andika herufi tu. Siku ya kurudisha, bandika ubaoni orodha ya herufi ikiwa na maelezo na swali moja la mazoezi kwa kila herufi. Kila mwanafunzi anafanya la herufi yake. Kazi nzima inachukua kama nusu saa, na herufi iliyojirudia kwa nusu ya darasa inakwambia kwamba tatizo liko kwenye somo lako.

Maoni marefu yape zamu, wanafunzi kumi kwa wiki.

12. Wanafunzi wasahihishane wenyewe?

Ndiyo, kwa sharti kwamba hawapeani alama. Kabla hawajaanza, waonyeshe majibu mawili yasiyo na majina, moja zuri na moja la wastani, waseme tofauti iko wapi. Bila hatua hiyo watasahihisha mwandiko na urafiki. Kila mmoja aandike jambo moja lililotimia na jambo moja la kurekebisha, akirejea mwongozo wa usahihishaji. Anayefaidika zaidi mara nyingi ni yule anayesahihisha.

## Mitihani na alama

13. Mtihani wa haki unatungwaje?

Kabla ya swali la kwanza, chora jedwali: mada kwenye safu za kulala, kiwango cha kufikiri (kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua) kwenye safu za kusimama. Gawa alama kulingana na vipindi ulivyotumia. Mada iliyochukua vipindi 8 kati ya 40 ipate asilimia 20 hivi. Jedwali hili ndilo linalokuzuia kutunga mtihani kutokana na sura unayoipenda.

Panga maswali kutoka mepesi kwenda magumu. Mwanafunzi anayekutana na swali gumu kuliko yote kwenye ukurasa wa kwanza hutumia nusu ya muda hapo, kisha anaacha ya mwisho ambayo angeyaweza. Epuka kipengele (b) kinachotegemea jibu la (a); ikibidi, andika "onyesha kwamba jibu ni 12" ili aliyekwama aendelee. Kisha ufanye mtihani mwenyewe kwa kalamu. Ukitumia zaidi ya theluthi moja ya muda wa wanafunzi, ni mrefu mno.

14. Kwa nini insha moja inapata alama tofauti kwa walimu wawili?

Hili ni la zamani. Daniel Starch na Edward Elliott walilionyesha mwaka 1912 kwa insha za Kiingereza, na mwaka uliofuata wakakuta kwamba hata kwenye jiometri walimu walipishana sana kwa karatasi ileile.

Kulipunguza: andikeni mwongozo wa alama kabla ya mtihani. Sahihisheni karatasi tano pamoja, mjadili mlipotofautiana na kurekebisha mwongozo. Baada ya hapo sahihisha swali la 1 kwa wanafunzi wote ndipo uende la 2, jina likiwa limefunikwa. Kusahihisha karatasi nzima ya mtu mmoja kunafanya jibu zuri la mwanzo lifunike udhaifu wa yanayofuata.

15. Kazi ambayo haikuletwa ipewe sifuri?

Tazama hesabu. Mwanafunzi mwenye 64, 68 na 60 ana wastani wa 64. Mwongezee sifuri moja, wastani unashuka hadi 48. Namba hiyo mpya haisemi anajua nini. Imechanganya ujuzi na nidhamu. Yeye naye akipiga hesabu akaona hawezi tena kufikia daraja alilolitaka, anaacha kujaribu.

Iandike kazi kama "haijaletwa", mpe tarehe na mahali pa kuifanya, na suala la nidhamu lishughulikiwe kwa njia za nidhamu.

## Hali zinazohitaji uangalifu

16. Kuna anayejiona anajua na hajui, na kuna anayejua lakini haamini. Wote wawili niwafanyeje?

Wape chombo kimoja. Kabla ya kukabidhi jaribio, kila mwanafunzi aandike pembeni ya kila swali alama anayotarajia. Karatasi ikirudi, alinganishe. Baada ya majaribio manne au matano, anayejikweza huona pengo lake bila mwalimu kumwambia, na anayejidharau huona kwamba kila mara amejipunja. Usifanye mzaha na makadirio ya mtu mbele ya darasa, maana utapata makadirio ya uongo.

17. Kubandika orodha ya nafasi ukutani kunawapa motisha?

Walio karibu na nafasi za juu, labda. Aliye wa 41 akijitahidi akapanda kutoka alama 35 hadi 47 anaweza kubaki wa 41 kama wenzake nao wamepanda. Orodha imemwambia hajasogea, wakati amesogea. Mpe kila mtu mstari wa maendeleo yake mwenyewe kwa kila mada.

Kulinganishwa huwapata hata hodari. Herbert Marsh ameandika tangu miaka ya 1980 kuhusu wanafunzi wanaohamishiwa shule au mikondo ya vipaji: uwezo wao ni uleule, lakini wanavyojiona kitaaluma hushuka kwa sababu waliowazunguka ni wakali zaidi. Anayehamishwa aambiwe mapema kwamba atashuka nafasi, na kwa nini.

18. Anajua darasani, akiingia kwenye mtihani anatetemeka.

Kwanza hakikisha kweli anajua. Mpe maswali ya aina ileile, bila daftari, kwa muda wa mtihani, akiwa peke yake na wewe. Wengi wanaodhaniwa wana hofu walikuwa wakitegemea daftari na jirani. Hao dawa yao iko swali la 7. Aliyefaulu hapo lakini akashindwa ukumbini ndiye mwenye hofu yenyewe: wasiwasi unakula nafasi ya akili ambayo ingefanya kazi. Mzoeshe hatua kwa hatua: dakika kumi kwa saa ya ukutani, kisha ishirini, kisha karatasi kamili kwenye chumba cha mtihani. Akikosa usingizi, akitapika au akianza kukwepa shule, mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi au kwenye huduma ya afya.

19. Lugha ya kufundishia si lugha yake. Nitajuaje kama hajui somo au hajui lugha?

Muulize swali lilelile kwa mdomo, kwa lugha anayoimudu, au mpe mchoro auwekee majina. Akipatia, tatizo ni lugha. Basi fundisha istilahi nane hadi kumi za mada kabla ya mada yenyewe, mpe vianzio vya sentensi ("Joto liliongezeka kwa sababu..."), na kwenye mtihani punguza maneno yasiyopimwa. Swali la hesabu lenye mistari saba ya masimulizi ni swali la ufahamu.

20. Kazi za nyumbani sasa zinaandikwa na programu za akili mnemba. Bado zina maana?

Zina maana kama mazoezi, hazina maana kama ushahidi wa alama. Alama zitoke kwenye kazi inayofanyika mbele yako. Ukiwa na shaka na insha fulani, mwombe mwanafunzi aeleze kwa mdomo aya moja kwa dakika mbili na aseme kwa nini aliiweka pale. Usimshtaki kwa kutegemea programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Hukosea, na mara nyingine humwangukia mwanafunzi mwaminifu anayeandika kwa lugha ya pili.